Mtumba Haukutoshi? Fumua Mshono Kabla ya Kushika Mkasi

Barua zilizofika safari hii zinafanana. Mtu amepata nguo ya mtumba, kitambaa kizuri, mshono imara, ila inabana, au ni fupi, au inapwaya mabegani. Na nyumbani ana mfuko wa mabaki ya vitambaa ambao hana moyo wa kuutupa. Majibu yote hapa chini yana mzizi mmoja: kipande cha kuongezea huingia vizuri pale ambapo tayari pana mshono. Ukipitisha mkasi katikati ya kitambaa kizima unaacha kovu ambalo jicho la kila mtu litalifuata. Ukifumua mshono wa zamani, kipande kipya kinapata mahali pa kukaa na nguo inabaki na umbo lake. Vipimo tulivyotaja ni vya sentimita, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo.

Gauni linakwama nyongani

*Shikamoo fundi. Nina gauni la pamba lisilovutika, refu hadi chini ya magoti, lenye mikono mifupi. Mabegani linanikaa sawasawa. Kifuani linabana kidogo na nyongani halipiti kabisa. Nina kitenge robo mita kilichobaki. Nipasue mgongoni katikati nikitie hapo, au kuna njia nyingine?*

Marahaba mwanangu. Mgongoni usiguse. Ukitia kipande katikati ya mgongo unatanua na shingo na mabega, na umesema mwenyewe kwamba huko linakukaa sawa. Unachohitaji ni kipande cha ubavuni. Washonaji wa kanzu wanakijua tangu zamani, nao wanakiita taharizi: kitambaa chembamba kirefu kinachokaa kati ya badani, yaani kipande kikuu cha nguo, ya mbele na ya nyuma, kutoka kwapani hadi chini.

Anza na vipimo. Jipime kifua, kiuno na nyonga, nyonga ukiipima mahali inapojaa zaidi, ambapo kwa wengi ni kati ya sentimita 18 na 22 chini ya kiuno. Kisha litandaze gauni mezani, pima sehemu hizo kutoka mshono wa ubavu huu hadi wa ule, zidisha mara 2. Kitambaa kisichovutika hakiwezi kulingana na mwili bila kuacha pumzi, kwa hiyo ongeza 5 kifuani, 4 kiunoni na 5 nyongani. Tuseme nyonga yako ni 106. Gauni linatakiwa liwe 111. Kama ni 102, pungufu ni 9, yaani 4.5 kila ubavu. Kifua kikiwa 94 kinahitaji gauni la 99. Likiwa 96, pungufu ni 3, yaani 1.5 kila ubavu.

Sasa chora taharizi kwenye karatasi. Juu upana wake ni 1.5, unashuka hivyohivyo hadi kiunoni, kisha unapanuka taratibu kufikia 4.5 kwenye nyonga. Kutoka hapo iache ipanuke kidogo hadi 6 kwenye pindo ili hatua isibanwe. Usiibane ikawa sifuri kiunoni hata kama kiuno chenyewe kinatosha, maana mahali kipande kinapofikia ncha na kuanza tena ndipo kitambaa kinapojikunja. Baada ya kuchora, ongeza akiba ya mshono, yaani kitambaa cha ziada kinachobaki ndani ya mshono, 1.5 kila upande. Juu, kipande kitakatwa kwa upana wa 4.5, nyongani 7.5, chini 9. Pindoni ongeza 3 za kupinda.

Gauni lako lina mikono, na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaikata taharizi iishie kwapani, halafu shimo la mkono linakuwa kubwa kuliko mkono wenyewe. Fumua mshono wa ubavu wote, endelea bila kusimama kwenye mshono wa chini wa mkono, sentimita 12 hivi. Mshono unaozunguka bega usiufumue. Taharizi ipite moja kwa moja kutoka pindoni, ivuke kwapa, iingie mkononi na kupungua hadi kwisha. Mkono ukiwa mfupi sana, ipeleke hadi ukingoni kabisa. Itapendeza kuliko kuikatiza karibu na mwisho.

Kitenge chako cha robo mita hakiwezi kutoa urefu wote huo kwa kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa jora. Utalazimika kukata kwa kufuata mshindio, nyuzi za upana. Inakubalika, ila fahamu kwamba mshindio huvutika zaidi kidogo kuliko mtande. Kwa hiyo shona ubavu wote, kisha litundike gauni usiku mzima kabla ya kupinda pindo. Asubuhi utaona kama taharizi imening'inia chini ya kitambaa cha gauni. Hapo ndipo unapunguza na kupinda. Ukipinda siku hiyohiyo, pindo litaanza kushuka mbavuni baada ya kuvaa mara 2 au 3.

Wakati wa kushona, weka pini kila baada ya sentimita 5, na kishono kiwe cha milimita 2.5. Mishono yote 4 uianzie pindoni ukipanda kwapani. Ukianza mmoja juu na mwingine chini, taharizi itajizungusha kidogo na utaona mistari ya mshazari ambayo pasi haiondoi. Pia kumbuka kwamba meno ya cherehani huvuta kitambaa cha chini haraka kuliko cha juu. Kwa hiyo kile kinacholegea zaidi, ambacho hapa ni taharizi, kikae chini. Baada ya kila mshono piga pasi, akiba ikielekea upande wa gauni, kisha piga ovaloki au zigizaga. Kitenge kinachanika nyuzi haraka kikiachwa wazi.

Kipande kilichoongezwa kimeruka

*Fundi, niliongeza kipande cha pamba nyekundu chini ya sketi nyeupe ya mtumba. Ilipendeza. Baada ya kufua mara ya kwanza, kipande kimepungua, sketi imejivuta kama imepigwa marinda, na weupe umegeuka waridi. Nifanyeje, na ningefanyaje?*

Pole sana. Sketi ya mtumba ilikwisha kufuliwa mara nyingi, na upungufu wake wote ulikwisha kuisha huko ilikotoka. Kipande chako kilikuwa kipya. Pamba ambayo haijafuliwa hupungua asilimia 3 hadi 5 kwa kawaida, na zaidi ya hapo ikiwa imefumwa kwa ulegevu. Kwenye ukanda wa sentimita 110, hiyo ni sentimita 3 hadi zaidi ya 5, na mshono hauna pa kuzificha.

Kwa kuvutika, dawa ni kufumua tu. Kitambaa kilichopungua hakirudi kwa pasi. Fumua kipande, kipige pasi kikiwa kibichi, kipime upya, kisha kiongezee urefu kwa kipande kidogo pale penye mshono wa ubavu. Kwa rangi, ifue sketi upesi, kabla haijapigwa pasi, kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, uiloweke saa kadhaa na kubadilisha maji kila yanapogeuka rangi. Rangi iliyopigwa pasi au kukaushwa juani ni ngumu zaidi kuitoa. Usitie dawa ya klorini kipande chekundu kikiwa bado kimeshonwa.

Ushauri wa kutia chumvi au siki ili rangi "ishike" unasikika kila mahali. Kitambaa kilichotiwa rangi kiwandani kikiwa kinachuja, chumvi na siki hazitakizuia. Kinachosaidia ni kukifua peke yake hadi maji yatoke meupe.

Siku nyingine, kabla ya kukata, chukua baki lako, lifue kwa maji ya joto lilelile utakalotumia kufulia nguo, likaushe, lipige pasi. Kisha fanya jaribio dogo: lowesha pembe moja, iweke juu ya kitambaa cheupe, ikandamize kwa pasi ya moto kwa sekunde 10. Cheupe kikipata rangi, rudia kufua. Kikipata rangi tena baada ya kufua mara 3, baki hilo ni la nguo nyeusi au ya rangi yake. Nguo ya mtumba nayo ifue kwanza, kwa usafi na kwa sababu hii pia: huwezi kupima vizuri kitambaa kilichokunjamana kwa kubanwa kwenye mzigo.

Shati linapanda kila ninapoinua mikono

*Salaam fundi. Shati langu la mikono mirefu linanitosha nikisimama tu. Nikiinua mikono linatoka lote ndani ya suruali, na kwapani limeanza kuachia. Kifua si tatizo sana. Nina vipande vidogo tu, hakuna kinachozidi kiganja.*

Kaka, vipande vya kiganja vinakutosha kabisa. Unahitaji kikwapa, kile kipande cha pembe nne kinachotiwa chini ya mkono. Tatizo la shati lako ni kwamba mkono umekatwa kwa ajili ya mtu aliyeshusha mikono. Ukiinua, ubavu mzima unavutwa juu kwa sababu kwapani hakuna kitambaa cha ziada.

Fumua sentimita 8 za mshono wa ubavu kuanzia kwapani kushuka, na sentimita 8 za mshono wa mkono kuanzia kwapani kuelekea kiwiko. Mshono unaozunguka bega uache ulivyo, ila urudie mwisho wake kwa vishono vichache vya kurudi nyuma ili usifumuke. Sasa una tundu lenye umbo la mdomo: upande wa mbele una 8 za shati na 8 za mkono, wa nyuma vivyo hivyo. Kikwapa chako basi kiwe na pande 4 zenye 8 kila moja.

Usikate mraba. Mraba wa 8 utaongeza zaidi ya sentimita 11 pale kwapani, na kitambaa kitaning'inia kama mfuko. Kata umbo la almasi nyembamba. Chora mstari wa sentimita 15.2, katikati yake uukate kwa mstari wa 5, yaani 2.5 kila upande, kisha unganisha ncha 4. Kila upande utakuta ni 8. Ongeza akiba ya 1 kuzunguka. Kitambaa kikatwe mshazari, pembe kwa pembe na nyuzi, kwa kuwa mshazari huvutika na kwapa ni mahali pa kuvutwa kila wakati. Uzito wake uwe sawa na wa shati au pungufu kidogo.

Ncha 2 fupi za almasi zinakutana na mshono wa bega, moja mbele, moja nyuma. Hizo ndizo zinazoharibu kazi. Kwenye kila pembe ya kikwapa weka alama ya penseli iliyo sentimita 1 kutoka kingo zote mbili. Shona upande mmoja hadi kwenye alama hiyo hasa, acha sindano ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, shusha mguu, endelea. Ukivuka alama hata kwa vishono 2, pembe itajikunja na kuacha kidoti kigumu kinachokera ngozi. Ukiishia kabla, litabaki tundu. Wenye mikono inayotetemeka kidogo kwenye pembe washone pande 4 kwa mara 4 tofauti, kila mara wakianza na kuishia kwenye alama.

Umesema kwapani pameanza kuachia. Angalia kilichoachia ni uzi au kitambaa chenyewe. Kama ni uzi, kikwapa kitatosha. Kama nyuzi za kitambaa zimelegea na kuonyesha mwanga, jasho limekwisha kukila. Panua tundu hadi ufike kwenye kitambaa kizima, na kikwapa kikue kwa kiasi hichohicho. Kushona kwenye kitambaa kilichochoka ni kupoteza uzi.

Jinzi haifungi kiunoni

*Fundi naomba msaada. Suruali ya jinzi inapita mapajani bila shida, lakini kifungo kinabaki sentimita 6 kutoka kwenye tundu lake. Sina mabaki ya jinzi, nina kitenge na kipande cha drili. Cherehani yangu ni ya kawaida ya nyumbani.*

Dada, chukua drili. Kitenge kikiwa safu moja hakiwezi kushindana na jinzi: kila ukikaa, jinzi haivutiki, kwa hiyo nguvu yote inaangukia kitambaa chepesi, nacho huchanika kwenye matundu ya sindano. Ukitaka rangi ya kitenge ionekane, kiweke juu ya drili, ushone safu 2 kama kitambaa kimoja.

Wengi hupasua mshono wa katikati nyuma na kutia kabari, kipande kipana juu na chenye ncha chini. Kwa pungufu ya sentimita 3 kushuka chini inafaa. Kwa 6, mifuko ya nyuma itasogea mbali na kiuno kitafungua mdomo mgongoni. Wewe ongeza mbavuni, 3 kila upande.

Jinzi nyingi zina mshono mnene wa kukunjwa mara mbili upande wa ndani wa mguu, na mshono wa kawaida ubavuni. Huo wa ubavuni ndio wa kufumua. Ondoa kwanza lupu ya mkanda kama iko juu ya mshono, uiweke kando. Achia mkanda wa kiuno sentimita 6 kila upande wa mshono, kisha fumua ubavu kushuka hadi nyongani, ambako suruali inakutosha. Hapo utaona mfuko wa mbele umeshikwa na mshono uleule. Kabla ya kufanya lolote, ushike mfuko huo kwenye badani ya mbele kwa mstari wa vishono, nusu sentimita kutoka ukingoni. Ukisahau, mfuko utaingia kombo na sarafu zitadondokea mguuni.

Kabari yako juu ina upana wa 3 na inapungua hadi kwisha. Ongeza akiba 1.5 kila upande, hivyo juu kata 6. Urefu wake usiwe chini ya sentimita 18, maana kabari fupi inatoa uvimbe ubavuni. Ncha ya chini ishonwe kwa vishono vifupi vya milimita 1.5 kwa sentimita 2 za mwisho, na mishono miwili ivukane kidogo badala ya kukomea mahali pamoja.

Mkanda wa kiuno ukate juu ya ubavu na utie kipande. Mkanda ukiwa na kimo cha 4 baada ya kushonwa, kipande kiwe na kimo cha 10, yaani 4 mara 2 pamoja na akiba 1 kila upande, na upana wa 7, yaani 3, akiba 1 kila upande, na 2 zinazoliwa na ncha za mkanda uliokatwa. Mkanda urudishe, kisha shona lupu juu ya kipande hicho. Ukifunga mkanda wa ngozi, hakuna atakayejua.

Kuhusu cherehani yako: sindano namba 100/16, kishono cha milimita 3 hadi 3.5, na uzi wa poliesta. Sindano huvunjika kwenye makutano ya mishono kwa sababu mguu unapanda kilima, unainama nyuma, sindano inapinda na kugonga bamba la chini. Kunja kipande cha jinzi au karatasi ngumu hadi unene ulingane na kilima, ukiweke nyuma ya mguu ukae sawa. Zungusha gurudumu kwa mkono kwenye vishono hivyo vichache. Unene ukizidi, ufunike kwa kitambaa na kuupiga nyundo kidogo. Nyuzi za pamba hulainika na kulala.

Sketi fupi

*Fundi, nina sketi 2, moja imenyooka, nyingine ni ya mwamvuli. Zote zinaishia juu ya magoti nami nazitaka zivuke. Nikifumua pindo napata sentimita 3 tu, na inabaki alama.*

Ile alama ya pindo la zamani ni rangi iliyochujuka na kusuguliwa, pasi haitaifuta. Ifunike kwa utepe au ukanda mwembamba wa kitambaa kilekile utakachoongezea, nayo itaonekana imekusudiwa.

Sketi iliyonyooka ni kazi nyepesi. Ukitaka kuongeza 12 na mzunguko wa pindo ni 112, kata ukanda wa kimo 16.5: 12 zinazoonekana, 1.5 za kuunga juu, 3 za kupinda. Urefu wake 115, ikiwa ni pamoja na 3 za kuunga ncha. Mabaki yako yakiwa vipande vifupi, unga vingi, ukihesabu 3 za ziada kwa kila kiungo, na panga viungo viwili viangukie kwenye mishono ya ubavu. Kwa macho yetu, ukanda unapendeza zaidi ukiwekwa juu ya pindo kuliko chini yake: kata sketi sentimita 15 kutoka chini, tia ukanda hapo, rudisha kile kipande cha chini. Pindo la asili linabaki, na rangi mpya inakaa katikati ya rangi ya sketi badala ya kuonekana kama kitu kilichobandikwa mwishoni. Huu ni mkasi juu ya kitambaa kizima, ndiyo, lakini unapita mlalo, sambamba na pindo, na jicho linauchukua kama pambo. Kwa njia hii, ili sketi irefuke kwa 12, ukanda unahitaji kimo cha 18: 12 zenyewe, akiba 1.5 juu na 1.5 chini, na 3 zinazoliwa na kingo za sketi iliyokatwa.

Uangalie uzito. Ukanda mzito kwenye sketi nyepesi unaivuta kiunoni na kuishusha; ukanda mwepesi chini ya sketi nzito unajikunja na kupanda.

Sketi ya mwamvuli haipokei ukanda ulionyooka. Pindo lake limepinda, na ukanda ulionyooka utalibana lijikunje ndani kama kikombe. Tia rinda. Urefu wa kitambaa cha rinda uwe mara 1.5 ya mzunguko kwa rinda tulivu, mara 2 kwa rinda lililojaa. Kwa mzunguko wa 200 hiyo ni 300 au 400, kwa hiyo hesabu mabaki yako kabla ya kuanza. Piga mistari miwili ya vishono virefu vya milimita 4 hadi 5, mmoja 1 kutoka ukingoni, mwingine 2. Gawa rinda na pindo la sketi katika robo 4, bandika alama kwa alama kwa pini, vuta nyuzi za chini za mistari yote miwili pamoja, kisha shona katikati yao, kwenye 1.5. Ukitumia mstari mmoja tu wa kuvutia, mikunjo italala ovyo na kushonwa kombo. Mwisho fumua ule wa pili unaoonekana upande wa nje.

Fulana inatoa mawimbi na cherehani inaruka vishono

*Nimejaribu kutanua tisheti kwa vipande vya ubavuni. Mshono umekuwa kama mawimbi ya bahari, na mahali pengine uzi wa juu haukushika kabisa.*

Ni mambo mawili tofauti. Kuruka vishono kunatokana na sindano. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayotoboa nyuzi za kitambaa cha kuvutika. Kitambaa kinapanda na kushuka pamoja na sindano, na uzi wa chini haupati kitanzi cha kudaka. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo, namba 75/11 au 80/12, inayosukuma nyuzi kando. Mawimbi yanatokana na mkono wako kuvuta au mguu kukandamiza mno. Legeza mkandamizo wa mguu kama cherehani yako ina skrubu hiyo juu, acha meno yasogeze kitambaa yenyewe, na weka ukanda wa karatasi nyembamba isiyo na wino chini ya mshono. Ukimaliza, ichane karatasi taratibu. Tumia zigizaga ya upana wa milimita 1 na urefu wa 2.5, kwa maana mshono ulionyooka hukatika pale unapovaa na kuvutika. Mawimbi madogo yaliyokwisha kutokea hulala ukiyakandamiza kwa pasi ya mvuke bila kuisogeza.

Kipande chenyewe kitoke kwenye fulana nyingine, na mvutiko mkubwa uzunguke mwili. Kitambaa kisichovutika unaweza kukitia ubavuni tu. Ukikitia shingoni, kichwa hakitapita.

Mabega ya koti

*Koti la suti, zuri sana, ila mabega yananizidi sentimita 5 kila upande. Linarekebishika?*

Liache. Bega la koti lina sponji, kitambaa kigumu cha ndani, bitana na kichwa cha mkono kilichovutwa kwa mvuke kikapata umbo. Zidio la 1 hadi 1.5 fundi wa suti anaweza kulipunguza. Kwa 5, shimo la mkono litaingia kifuani, na mkono hautalingana nalo tena. Wakati wa kununua, pima bega kwanza. Nguo inayokaa vizuri mabegani na kubana mbavuni ina tiba rahisi. Inayokaa vizuri mbavuni na kupwaya mabegani ina tiba ngumu. Shati la kawaida lisilo na bitana linavumilia zaidi, hadi 3 kila upande, ukifumua mkono, ukapunguza bega kwa kuchonga hadi kwisha karibu na kwapa, kisha ukaurudisha mkono uleule.

Sina cherehani

*Je, haya yote yanawezekana kwa sindano ya mkono?*

Kikwapa na taharizi, ndiyo. Jinzi itakuumiza vidole bila sababu. Hiyo ipeleke kwa mwenye cherehani. Tumia mshono wa kurudi nyuma: sindano inatoka mbele milimita 2 au 3, inarudi kuingia pale kishono kilichotangulia kilipoishia. Ule wa kupita juu na chini peke yake ni wa kushikiza tu, hauwezi kubeba ubavu. Uzi usizidi urefu kutoka kidole hadi kiwiko, vinginevyo utajifunga mafundo na kuchakaa kwa kusuguliwa ndani ya kitambaa kabla hujafika mwisho. Ubavu mmoja wa sentimita 80 una vishono 300 hivi, kwa hiyo gawa kazi kwa siku 2, na kila baada ya sentimita 10 piga kishono juu ya kishono, ili uzi ukikatika siku moja ufumuke hadi hapo tu.